UCHANGANUZI: Vituo vya kwanza vya kuchajia magari Uingereza vyazeeka kabla safari haijanoga

Mnamo Julai 2011, kampuni ya kawi ya Ecotricity ilizindua mtandao wa kuchajia magari ya umeme katika vituo vya mapumziko vya barabara kuu za Uingereza, ikianzia South Mimms, kaskazini mwa London. Mtandao huo uliitwa Electric Highway, yaani barabara kuu ya umeme. Magari ya aina hiyo yalikuwa adimu wakati huo, na chaja moja au mbili kando ya mkahawa na pampu za petroli zilionekana kuwatosha wateja wote waliokuwapo na wengine wengi waliotarajiwa.

Miaka kumi baadaye, chaja hizo zilikuwa zimegeuka kero. Madereva walilalamikia skrini zilizokufa, kebo zilizogoma kuachilia umeme na foleni za magari mawili matatu mbele ya mtambo mmoja ambao haikujulikana kama ungefanya kazi. Juni 2021 mtandao mzima ukanunuliwa na kampuni ya Gridserve, ambayo kazi yake ya kwanza ilikuwa kung'oa karibu chaja 300 za zamani na kuweka mpya mahali pake.

Kisa hicho si habari ya kampuni mbili za ng'ambo tu. Kinafichua tatizo linalozikabili sasa nchi zote zilizowahi kujenga vituo hivi mapema: mitambo iliyojengwa ili kuwavuta watu wa kwanza kununua magari ya umeme ndiyo inayowakwaza waliowafuata. Wahenga walinena kwamba kutangulia si kufika.

Ili kuelewa ni vipi mtambo wa miaka kumi unaweza kuchakaa kiasi hicho, yafaa kuanza na hesabu ndogo. Gari la Nissan Leaf lililouzwa mwaka wa 2011 lilikuwa na betri ya yuniti 24, yaani kilowati-saa 24. Chaja ya haraka ya wakati huo ilikuwa na nguvu ya kilowati 50. Dereva aliingia akiwa na betri karibu tupu, akanunua chai, na baada ya nusu saa hivi akaondoka betri ikiwa imejaa kwa asilimia 80. Chaja moja, kwa hivyo, iliweza kuhudumia magari mawili kwa saa.

Magari mengi yanayouzwa leo yana betri kubwa mno zikilinganishwa na hizo. Gari lenye betri ya yuniti 77 likitaka kujaza kutoka asilimia 10 hadi 80 linahitaji takriban yuniti 54. Kwa chaja ile ile ya kilowati 50, hiyo ni kazi ya zaidi ya saa moja, hata mtambo ukiwa mzima kama siku ulipofunguliwa. Maana yake ni kwamba uwezo wa kituo umepungua kwa zaidi ya nusu bila ya chochote kuharibika. Kilichobadilika ni gari linalokuja kukitumia.

Kuna jambo la pili ambalo halizungumzwi sana. Chaja nyingi za kizazi cha kwanza zilitengenezwa kutoa umeme usiozidi volti 500, kwa kuwa magari ya wakati huo yalitumia mfumo wa volti 400 au karibu na hapo. Sasa yapo magari, kama vile Hyundai Ioniq 5 na Porsche Taycan, yanayotumia mfumo wa volti 800. Magari hayo hulazimika kutumia mbinu za ndani kupandisha volti yakifika kwa chaja kuukuu, na huishia kuchaji kwa mwendo wa kobe. Mwenye gari la bei ghali kabisa katika foleni ndiye anayekaa muda mrefu kuliko wote, akiwazuia walio nyuma yake.

Wakati huo huo idadi ya magari imepaa. Chama cha watengenezaji magari cha Uingereza, SMMT, kilitangaza Februari 2024 kwamba gari la milioni moja linalotumia betri pekee lilikuwa limesajiliwa nchini humo. Serikali nayo imewawekea watengenezaji sharti kwamba kufikia 2030 asilimia 80 ya magari mapya wanayouza yawe yasiyotoa moshi. Chaja za umma zilizidi 73,000 mwanzoni mwa 2025, na lengo lililotangazwa mwaka wa 2022 ni kuwa na 300,000 kufikia 2030. Katika takwimu kama hizo, chaja iliyokufa na chaja inayofanya kazi huhesabiwa kuwa moja kila moja.

Swali basi ni je, kuboresha kituo kikuukuu ni kufanya nini hasa?

Walio nje ya sekta hii hudhani ni kuondoa mtambo mmoja na kufunga mwingine, mfano wa mtu anayebadilisha balbu. Gridserve ilianza hivyo, na kwa sababu nzuri. Mitambo mipya iliyofungwa mahali pa ile ya Ecotricity ilipokea kadi ya benki kwa kugusa, ilhali tangu huduma ilipoacha kuwa ya bure mwaka wa 2016 madereva walilazimika kulipa kupitia apu ya simu. Katika kituo cha mapumziko ambako mawimbi ya simu ni hafifu, apu ni ukuta. Mabadiliko hayo madogo yaliwafungulia mlango watu wengi waliokuwa wakiupita mtandao huo kwa mbali.

Lakini hapo ndipo wepesi unapokoma. Mtambo mpya ukifungwa kwa waya ule ule wa zamani hauwezi kutoa umeme mwingi kuliko ule unaoletwa na waya huo. Kituo kilichojengewa chaja mbili za kilowati 50 kilihitaji kilowati 100 tu. Kuweka chaja sita za kilowati 150 kila moja ni kuomba kilowati 900, na chaja sita za kilowati 350 ni kuomba zaidi ya megawati mbili. Huo ni umeme wa kiwanda. Unataka transfoma yake, nyaya mpya za chini ya ardhi kutoka kituo kidogo cha umeme ambacho huenda kiko kilomita kadhaa, idhini za wenye mashamba yatakayochimbwa mitaro, na nafasi katika foleni ya wanaosubiri kuunganishwa na kampuni ya usambazaji.

Vituo vingi vya mapumziko vilijengwa porini, mbali na miji, mahali ambapo gridi haikuwahi kuhitajika kuwa na nguvu. Hii ndiyo sababu kuu ya kazi kwenda polepole, wala si uhaba wa chaja. Katika kituo cha Rugby, kilichofunguliwa Aprili 2021, Gridserve iliweza kuweka chaja 12 za hadi kilowati 350 kwa kuwa kilijengwa upya na nafasi ya umeme ikatengwa mapema. Aliyejenga mwaka wa 2011 hakuwa na anasa hiyo.

Wapo wanaotafuta njia ya mkato, na baadhi ya njia hizo ni za busara. Moja ni kugawana umeme: chaja mbili huunganishwa kwa mtambo mmoja, na gari la pili likifika, programu hugawa kilowati zilizopo kati ya magari yote mawili. Kwa kuwa betri hupunguza kasi ya kupokea umeme kadiri inavyokaribia kujaa, mara nyingi kuna kilowati za ziada zinazopotea bure ambazo gari la pili lingezitumia. Kwa njia hii kituo kinaweza kuhudumia madereva wengi zaidi bila ya kuongezewa hata kilowati moja. Njia nyingine ni kuweka betri kubwa kituoni, ijazwe polepole usiku na kumwaga umeme wake mchana. Betri hizo ni ghali, na siku ya msongamano mkubwa huisha kabla ya foleni kuisha, lakini zinaweza kukisaidia kituo kwa miaka mitatu minne huku kikisubiri waya.

Kuna kizuizi kingine ambacho hakihusiani na umeme hata kidogo, nacho ni mikataba. Ecotricity ilipoanza, hakuna aliyekuwa na hamu ya biashara hiyo, na kampuni zinazomiliki vituo vya mapumziko, zikiwemo Moto, Roadchef na Extra, ziliipa haki ya kipekee ya kuweka chaja kwa kati ya miaka 10 na 15. Kilichokuwa kivutio cha mwekezaji mwaka wa 2011 kikawa pingu mwaka wa 2021. Mshindani aliyekuwa tayari kuleta chaja zake hakuruhusiwa kuingia.

Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya Uingereza, CMA, ilianzisha uchunguzi Julai 2021. Machi 2022 ilikubali ahadi ya Gridserve na kampuni hizo tatu kwamba haki ya kipekee haitatumika baada ya Novemba 2026, miaka kadhaa kabla ya muda wa mikataba mingine kuisha. Wasomaji wa humu nchini watakumbuka jambo la namna hiyo: Julai 2014, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliiagiza Safaricom iwaruhusu mawakala wa M-Pesa kuhudumia pia kampuni pinzani. Katika visa vyote viwili, aliyejenga wa kwanza alikuwa na haki ya kudai tuzo ya ujasiri wake. Ugumu ni kuamua tuzo hiyo iishe lini.

Serikali ya Uingereza haikuacha suala la ubora mikononi mwa soko. Kanuni za chaja za umma zilizoanza kutumika Novemba 24, 2023 zilizitaka kampuni kuonyesha bei kwa peni kwa kila yuniti, badala ya kuchanganya ada ya kuunganisha, ada ya dakika na ada ya uanachama hadi dereva asijue atalipa ngapi. Mwaka mmoja baadaye, yaani kuanzia Novemba 24, 2024, kila chaja mpya yenye nguvu ya kilowati nane au zaidi, na kila chaja ya kilowati 50 au zaidi hata ikiwa ya zamani, ilitakiwa ipokee kadi kwa kugusa. Pia nambari ya simu ya msaada, isiyotozwa ada, ilitakiwa ipatikane usiku na mchana.

Sharti lililozua mjadala mkubwa ni lile la kutegemeka. Mtandao wa chaja za haraka unatakiwa uwe ukifanya kazi kwa asilimia 99 ya muda katika mwaka, la sivyo kampuni inakabiliwa na faini. Asilimia 99 inasikika kuwa kali sana. Hata hivyo, kipimo hicho ni wastani wa mtandao mzima, si wa kila chaja. Kampuni yenye chaja 200 inaweza kuwa na mbili zilizokufa kuanzia Januari hadi Desemba na bado ikatimiza sharti, iwapo zile nyingine 198 hazitapumzika. Kwa dereva wa London tofauti hiyo ni ndogo, kwani ng'ambo ya barabara pana chaja nyingine. Kwa mkazi wa kijiji kilicho na chaja moja tu, asilimia 99 ya mtandao haimfikishi nyumbani.

Udhaifu wa vipimo vya aina hii ulionekana wazi Marekani. Mwaka wa 2022 watafiti walizunguka eneo la ghuba ya San Francisco wakijaribu kila plagi ya haraka ya umma ya mfumo wa CCS waliyoipata, jumla plagi 657 katika vituo 181. Asilimia 72.5 ndizo zilizofanya kazi. Nyingine zilikuwa na skrini zisizoitikia, mifumo ya malipo iliyokwama, mawasiliano yaliyokatika au plagi zilizovunjika. Na karibu asilimia tano zilikuwa na kebo fupi isiyofika kwenye soketi ya gari. Kampuni zenyewe zilikuwa zikiripoti kutegemeka kwa asilimia 95 hadi 98. Hapana ulazima wa kudhani kwamba zilidanganya. Mtambo unaweza kuwa umeunganishwa na kompyuta ya makao makuu na kujitangaza kuwa mzima, huku dereva aliyesimama mbele yake akigonga skrini isiyomjibu.

Marekani pia ndiyo iliyotoa funzo chungu zaidi kuhusu vituo mayatima. Kampuni ya ECOtality ilipewa na serikali ruzuku ya karibu dola milioni 100 kuanzia mwaka wa 2009 ili kutandaza chaja zilizojulikana kama Blink. Septemba 2013 kampuni hiyo ilitangaza kufilisika, na mwezi uliofuata mali ya Blink ikauzwa kwa takriban dola milioni 3.3. Madereva walibaki na mitambo ambayo mtengenezaji wake hayupo tena na vipuri vyake havipatikani. Baadaye, Februari 2022, kampuni ya simu ya AT&T ilizima mtandao wake wa 3G, na chaja za zamani zilizotegemea mawimbi hayo kuthibitisha malipo zikapoteza mawasiliano hadi zilipofungwa vifaa vipya.

Ni kwa sababu ya masaibu kama hayo ndipo wataalamu wanasisitiza lugha moja ya mawasiliano kati ya chaja na kompyuta inayoisimamia. Lugha inayotumika sana inaitwa OCPP, na mizizi yake ni Uholanzi mwaka wa 2009. Chaja inayoielewa inaweza kuhamishwa kutoka kwa msimamizi mmoja hadi mwingine bila ya kung'olewa; isiyoielewa ni mateka wa aliyeitengeneza. Katika kuamua kituo kipi kikarabatiwe na kipi kibomolewe, swali hilo la programu huwa na uzito kuliko kutu inayoonekana kwa macho.

Serikali ya Marekani ilitambua, ijapokuwa kwa kuchelewa, kwamba kujenga vipya bila ya kuponya vya zamani ni kumimina maji katika pakacha. Januari 2024 ilitangaza ruzuku ya dola milioni 148.8 ya kukarabati au kubadilisha karibu plagi 4,500 katika majimbo 20. Fedha hizo zilitokana na mpango mkubwa wa dola bilioni tano, ambao ulisimamishwa Februari 2025 na utawala mpya wa Rais Donald Trump, ukafikishwa mahakamani, kisha ukapewa mwongozo mpya Agosti mwaka huo. Bara Ulaya limechukua njia ya sheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Aprili 13, 2024 inadai malipo ya kadi katika chaja mpya za kilowati 50 na zaidi, na kuzipa zile za zamani zilizo kwenye barabara kuu za umoja huo hadi Januari 1, 2027 kufanya vivyo hivyo.

Hadi hapa mtu anaweza kudhani kwamba kila anayeboreshewa kituo anafaidika. Sivyo. Katika kila ukarabati kuna anayepoteza, na mara nyingi ni yule yule aliyekuwa mteja wa kwanza.

Chukua suala la plagi. Nissan Leaf na magari mengine ya Kijapani ya kizazi hicho hutumia mfumo uitwao CHAdeMO. Waliobuni jina hilo walicheza na maneno ya Kijapani yanayomkaribisha mtu kunywa chai gari likichajiwa, na katika vituo vya kwanza vya Uingereza mwaliko huo ulikuwa wa kweli. Lakini mwaka wa 2014 Umoja wa Ulaya uliamua kwamba plagi ya lazima ya chaja za haraka iwe ile ya CCS, na watengenezaji wakaifuata. Nissan yenyewe ilipoleta gari lake la Ariya barani humo mwaka wa 2022 ililiwekea CCS. Kwa mwekezaji anayebadilisha mitambo leo, kebo ya CHAdeMO ni gharama isiyo na faida: inachukua nafasi, inahitaji matengenezo na wateja wake wanapungua. Matokeo ni kwamba kituo kilichokuwa na plagi mbili za CHAdeMO kinabaki na moja, au pasiwe na yoyote.

Gari lenyewe lakini halijafa. Leaf ilitengenezwa katika kiwanda cha Sunderland tangu 2013, na kizazi chake cha pili kiliendelea kuundwa humo hadi 2024. Sasa ni magari ya bei nafuu sokoni, yanayonunuliwa na watu wasioweza kumudu jipya. Hao ndio wanaoambiwa kituo kimeboreshwa, na wakifika wanakuta hakuna plagi inayowafaa.

La pili ni bei. Chaja za mwanzo za mabaraza mengi ya miji zilikuwa za polepole, na nyingi zilikuwa za bure au za bei ya chini kwa kuwa zililipiwa na ruzuku. Mwekezaji aliyetumia mamilioni kuleta waya mpya hawezi kutoza bei hiyo. Katika vituo vya haraka vya Uingereza bei imekuwa ikizidi peni 70 kwa yuniti, ilhali mwenye nyumba yenye maegesho anaweza kuchaji usiku kwa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Isitoshe, serikali hutoza ushuru wa VAT wa asilimia 20 kwa umeme wa chaja za umma na asilimia tano kwa umeme wa nyumbani. Anayeishi katika ghorofa isiyo na maegesho analipa bei ghali na ushuru mkubwa. Kwake yeye, chaja ya polepole iliyofungwa kwenye nguzo ya taa ya barabarani, inayojaza gari akiwa amelala, ina manufaa kuliko mtambo wa kilowati 350. Mabaraza yanayoharakisha kung'oa chaja za polepole kwa sababu tu ni za zamani yatakuja kujuta.

Walemavu nao walisahauliwa tangu mwanzo. Chaja za kwanza ziliwekwa juu ya kingo za zege, zikazungushiwa vyuma vya kuzuia magari, na skrini zikawa juu mno kwa mtu aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu. Kiwango cha PAS 1899, kilichochapishwa Oktoba 2022 kwa ufadhili wa serikali na shirika la Motability, kinaeleza vipimo vinavyofaa, lakini kukifuata si lazima kisheria. Nafasi ya kukitimiza kwa gharama ndogo ni pale kituo kinapovunjwa ili kijengwe upya. Ikipita, zege hukauka tena.

Na kama kwamba hayo hayatoshi, wezi wamegundua kwamba ndani ya kebo hizo mna shaba. Vituo kadhaa vya Uingereza vimekatwa kebo zote usiku mmoja. Wakenya waliozoea kusikia transfoma zikifyonzwa mafuta na nyaya zikikatwa hawatahitaji maelezo zaidi.

Kwa Kenya, mjadala huu umefika wakati mzuri, kwa maana bado hakuna mengi ya kubomoa. Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli, EPRA, iliidhinisha mwaka wa 2023 bei maalumu ya stima ya kuchajia magari: Sh16 kwa yuniti, na Sh8 katika saa ambazo matumizi ya nchi yako chini. Mabasi ya BasiGo yalianza kubeba abiria Nairobi mwaka wa 2022, na pikipiki za umeme zinaongezeka, nyingi zikibadilisha betri badala ya kusubiri kuchaji. Magari madogo ya kibinafsi ndiyo yatakayohitaji vituo vya barabarani, hasa katika safari ndefu kama ile ya Nairobi hadi Mombasa.

Anayejenga kituo Mtito Andei au Voi leo anaweza kufunga chaja mbili tu, kwa kuwa wateja ni wachache, na hilo si kosa. Kosa litakuwa kuchimba mtaro wa waya mbili pekee. Bomba pana la kupitishia nyaya na kiwanja kidogo kilichoachwa kwa ajili ya transfoma ya baadaye hugharimu kiasi kidogo mtaro ukiwa wazi, na mara nyingi zaidi ya hapo sakafu ikishamwagwa saruji. Vivyo hivyo kwa malipo: hakuna haja ya kila kampuni kumlazimisha dereva kupakua apu yake katika nchi ambayo hata muuza mboga ana nambari ya kulipia kwa simu.

Suala la plagi ni gumu zaidi, kwa kuwa Kenya haitengenezi magari hayo na hununua kila kilichopo. Leaf iliyotumika ikitoka Japani huja na CHAdeMO, pamoja na soketi ya kuchaji polepole iliyo tofauti na ile ya Ulaya. Magari yaliyoundwa kwa ajili ya soko la ndani la Uchina yana plagi yao. Mapya yanayoletwa na wauzaji rasmi mengi ni ya CCS. Sheria ya Kenya huruhusu kuingizwa kwa gari lisilozidi miaka minane, kumaanisha kwamba katika mwaka wa 2026 gari lililosajiliwa mara ya kwanza 2019 bado linapokewa katika bandari ya Mombasa. Gari kama hilo, likitunzwa, litakuwa barabarani kwa miaka kumi mingine. Wakati huo vituo vya Ulaya vitakuwa vimekwisha kuondoa kebo zake za CHAdeMO, na mitambo iliyong'olewa huko itakuwa ikitafutiwa wanunuzi kwa bei ya kutupa.